Fundi Aliyeuma Bisibisi

Mafundi wa friji tuko wengi jijini Nairobi. Ukishuka Barabara ya Kirinyaga utatupata kwenye kila ngazi na kila kichochoro, na baadhi yetu tuna vyeti. Lakini ukitamka neno "Fundi" peke yake, bila jina la mtu, watu wote walijua unamsema yeye. Jambo hilo liliniuma kwa miaka mingi, na ninalisema mapema ili msomaji asidhani kwamba nilimpenda tangu mwanzo.

Mimi nina diploma ya majokofu na viyoyozi. Karo nilijilipia mwenyewe kwa kubeba mawe kwenye ujenzi huko Kangemi, na hakuna mjomba wala shangazi anayeweza kusimama harusini akasema alinisomesha. Kisha nilifanya kazi Doha miaka saba, katika majengo ambayo kiyoyozi kikizimika adhuhuri watu wanaanza kuanguka. Niliporudi nilinunua pikapu, nikaandika jina langu mlangoni kwa herufi kubwa, nikafungua duka Ngong Road, nyuma ya maduka ya Adams. Nilikuja na geji za dijitali za kupimia gesi ambazo wakati huo hakuna mwingine aliyekuwa nazo Ngong Road yote. Wale niliosoma nao bado wanaazima spana.

Yeye alikuwa na meza ya mbao chini ya ngazi ya jengo kuukuu, koti la buluu lililopauka mabegani, na bisibisi moja ndefu yenye mpini wa njano. Basi. Na bado nikifika kwa mteja, swali la kwanza lilikuwa, "Wewe umetumwa na Fundi?"

Kuna mama mmoja wa Muthangari ambaye friji yake ilikuwa ikitoa maji chini. Nilifika na ovaroli safi na geji mkononi. Akanitazama kutoka viatuni hadi kofiani.

"Sasa wewe angalia tu," akasema. "Usifungue kitu. Fundi anakuja Alhamisi."

"Mama, naweza kumaliza hii kazi saa hii."

"Najua unaweza. Lakini angalia tu."

Nikaangalia, kama mgeni wa makumbusho. Halafu akanipa chai, jambo ambalo lilizidisha uchungu.

Kilichoniudhi zaidi ni watu kusema eti yeye ndiye aliyenifundisha. Ni kweli kwamba kabla ya Doha nilikaa chini ya ile ngazi miezi minane. Lakini nilikuwa tayari na diploma yangu. Nilichokosa ni mahali pa kushikia spana. Siwezi kukuita mwalimu kwa sababu nilisimama kivulini kwako. Isitoshe, hakuwa mtu wa kueleza. Ukimuuliza kitu alikukazia macho mdomoni, kama anayehesabu meno yako, halafu akajibu kwa maneno matatu au asijibu kabisa. Katika miezi yote minane alinisifu mara moja tu. Tulikuwa tumepakia friza ya bucha kwenye mkokoteni, nikaifunga kwa kamba. Akaivuta ile kamba mara mbili, akasema, "Umefunga vizuri." Nilikuwa nimesoma mizunguko ya gesi na hesabu za joto, na mtu ananisifu kwa fundo.

Lakini siwezi kumwandika nikaacha jinsi alivyofanya kazi, maana hapo ndipo wivu wangu ulipokuwa na haki.

Mafundi wengi husikiliza kompresa kwa bisibisi. Unagusisha ncha kwenye chuma na kuweka mpini sikioni, nawe unasikia kinachosumbua ndani. Yeye hakuweka sikioni. Aliuma mpini kwa meno, akafumba macho, akakaa hivyo nusu dakika. Watu wote pale ngazini walinyamaza. Hata mama aliyeuza chai kando ya ngazi, ambaye hakuwa na tabia ya kunyamazia mtu, aliacha kumimina. Kisha Fundi angefungua macho na kutoa hukumu: "Vali." Au, "Hii haina kitu, ni raba ya mlango." Na ilikuwa hivyo. Si kila mara, nimeshamwona akikosea, na siku hizo nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha. Lakini zilikuwa chache mno kunishibisha.

Nilimwiga, kwa kuwa mtu mwenye akili huchukua kizuri popote anapokiona. Doha niliwafundisha Wanepali na Wafilipino kuuma bisibisi. Msimamizi wetu alinipiga picha nikiwa nimefumba macho juu ya paa la hoteli, bisibisi mdomoni, akaibandika ukutani kwenye ofisi yake. Waliponiuliza nilijifunzia wapi, nilisema ni njia yangu mwenyewe niliyoibuni Nairobi. Sikumtaja.

Na wateja aliwatawala kuliko daktari anavyotawala wagonjwa. Ukifika na kuanza kueleza shida ya friji yako, alikupa kipande cha katoni na kalamu. "Andika." Hakujali wewe ni nani. Nilimwona mwanamume wa ofisi za Westlands, amevaa suti ya bei, akiandika juu ya goti lake kama mtoto wa darasa la tatu. Fundi akasoma, akamrudishia.

"Hapa umeandika vile unafikiria," akamwambia. "Andika vile friji inafanya."

"Sasa si ni kitu moja?"

Fundi akamwangalia mdomo. "Andika."

Yule bwana akaandika upya, na aliporudi tena baada ya miezi kadhaa, alikuja na karatasi iliyopigwa chapa. Mimi wateja wangu huongea wote kwa pamoja, baba na mama na dada wa kazi, nami nikiwa nimelala chali chini ya mashine. Nilipojaribu kuwapa karatasi na kalamu, mmoja aliniuliza kama ninaandikisha watu wa chama.

Alikuwa na mambo yasiyoingiliana. Alikarabati friji za nusu ya mji lakini nyumbani kwake hakuwa nayo hata moja. "Friji ni ya watu wananunua chakula mingi kuliko njaa yao," alisema. Alikunywa soda isiyowekwa baridi, hata kwenye joto la Februari. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, aliketi benchi la mbele kabisa karibu na mhubiri, lakini nyimbo zilipoanza alifunga mdomo na kutazama mikono ya mpiga ngoma. Niliichukulia kuwa kiburi. Mtu aliyezoea watu wanyamaze anapofanya kazi, nikajiambia, hawezi kuungana na wengine kwenye kiitikio.

Jambo lililomaliza heshima yangu kwake lilitokea wiki ya pili baada ya kurudi kutoka Doha. Nilimwona kwenye Barabara ya Tom Mboya, mbele yangu hatua kumi hivi, na koti lake lile lile. Nilikuwa na viatu vipya na saa mpya, na nilitaka sana anione. Nikaita, "Fundi!" Nikaita tena. Mara ya tatu niliita kwa nguvu hata mwuza soksi akageuka na kuniuliza kama nimeibiwa. Yeye hakugeuka. Alitembea kwa utulivu, akavuka barabara, akapotea. Nikajua: ameona nimefaulu, na hataki kunipa hata salamu. Kuanzia siku hiyo sikumwita Fundi tena. Nilimwita "yule mzee wa ngazi", na wateja waliponisahihisha nilijifanya sikusikia.

Sasa nifike kwenye habari ya Kikuyu, ule mji mdogo wa baridi nje ya Nairobi.

Mwaka jana niliitwa Westlands, kwenye ghorofa ya saba ya jengo la vioo, na kampuni inayosafirisha maua na mboga nje ya nchi. Nilivaa suti niliyoshonewa Doha. Meneja alikuwa mama mmoja mkavu, asiyepoteza maneno.

"Tumejenga vyumba vinane vya baridi huko Kikuyu," akaniambia. "Tunataka mkuu wa mitambo, na tunataka aishi hapo. Sio mtu wa kuja asubuhi na kurudi jioni. Stima ikipotea king'ora kinalia, na kabla maua hayajaanza kupata joto, awe amefika. Nyumba tunatoa. Shule iko karibu. Unaweza kuhamia?"

Mshahara ulikuwa mzuri. Cheo kilikuwa kizuri zaidi, na nikaanza kukiona kikiandikwa mlangoni. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukubali alipoongeza, huku akifunga faili, "Na Fundi alikusifu sana."

"Fundi gani?"

"Si Fundi, wa town. Tulimwendea yeye kwanza, akakataa. Akatuambia tukutafute wewe."

 Nikasema nahitaji kufikiria. Akanipa mpaka Ijumaa.

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba Kikuyu ni mbali na wateja wangu. Nikamwambia kuna baridi, kuna ukungu, na watoto wamezoea shule yao. Alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua sukuma wiki.

"Baridi ni kweli," akasema. "Umetoka Doha kwa joto ndio uende kulala ndani ya friji. Lakini Baba Neema, hiyo sio shida yako."

"Shida yangu ni gani?"

"Wangekuita wewe kwanza, saa hii tungekuwa tunafunga sufuria."

 Nilikuwa na siku tatu za kuamua kama nitahamisha familia yangu, na nilichokuwa nikijiuliza usiku na mchana ni kwa nini yeye alikataa. Labda alijua ubaya wa kazi ile, akanisukumia. Au aliiona ndogo. Kwa vyovyote, kama ningekwenda ningekuwa nimevaa nguo aliyoivua.

Jumatano nilikwenda ngazini. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya friza, mgongo kwangu, akifungua skrubu za kifuniko cha nyuma. Sikusalimu.

"Ulitaka nije kusema asante?" nikaanza. "Unakataa kazi, unanitupia mimi, halafu Westlands yote wanijue kama mtu wako? Mimi si mtu wako, mzee. Nimejitengeneza mwenyewe."

Akageuza skrubu, akaiweka kwenye kifuniko cha chupa alichotumia kuhifadhia vitu vidogo.

"Hata sasa unanionyesha mgongo. Kama siku ile Tom Mboya. Nilikuita mara tatu, mbele ya watu."

Skrubu ya pili ikafuata ya kwanza.  Mama wa chai, aliyekuwa akisuuza vikombe kwenye beseni, akanyoosha mgongo.

"Doha," akasema polepole. Hilo ndilo jina walilonipa pale tangu nilipokwenda kazi huko. "Zunguka mbele."

"Nizunguke wapi?"

"Mbele yake. Aone mdomo yako."

Nikamtazama bila kuelewa.

"Kwani hukujua?" akasema. "Huyo hasikii. Hata ile wakati ulikuwa hapa alikuwa anasikia kidogo tu, hii upande ya kulia. Siku hizi imeisha kabisa. Miezi hiyo yote ulikuwa unaangalia nini?"

Nilikuwa nikiangalia bisibisi. Nilisimama pale na mambo yakaanza kuja moja moja: macho yake mdomoni mwangu, katoni na kalamu, benchi la mbele kanisani, Tom Mboya. Na meno. Kompresa inatetema, mtetemo unapanda kwenye chuma, unaingia menoni, unafika ndani ya kichwa bila kupitia masikio. Yeye hakuwa na njia nyingine. Mimi nilikuwa na masikio mawili mazima, nikauma bisibisi miaka saba juu ya mapaa ya Doha. Nilikuwa nimeiga fimbo ya kipofu nikidhani ni mtindo wa kutembea.

Nikazunguka mbele. Aliponiona uso wake ulifunguka.

"Aa, Doha. Umekuja saa ngapi?"

"Sasa hivi," nikasema.

"Ulikuwa unasema kitu?"

Mama wa chai aliniangalia. "Nilikuwa nakusalimia," nikasema.

"Salamu refu hiyo. Mpaka mama ameacha kuosha vikombe."

Akatoa kipande cha katoni mfukoni, akanipa pamoja na kalamu. Nikaandika: Kwa nini ulikataa Kikuyu? Akasoma, mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"King'ora ikilia mimi nitakuwa nakula ugali yangu polepole. Maua ya watu ioze yote."

Nikaandika: Na kwa nini ulinitaja mimi?

"Wewe unasikia."

 Nilikuwa nimetoka Adams mpaka mjini, nilitaka zaidi ya hapo. Nikainua uso ili aone mdomo wangu vizuri. "Ni hiyo tu? Wanaosikia ni wengi."

"Ni wengi," akakubali. Akageukia friza, nikadhani amemaliza. "Lakini wewe ukifunga kitu haifunguki."

Hakuniomba nifiche siri yake, ambayo nje ya ngazi ile hakuna mteja aliyeijua. Heri angeomba, ningepata kitu cha kukataa. Alirudi kwenye skrubu zake, akaniacha na siri hiyo mkononi.

Kesho yake asubuhi, nikiwa dukani, simu ililia. Alikuwa msimamizi wa jikoni wa hoteli moja ya Westlands, mteja mkubwa kuliko wote aliokuwa nao Fundi. Nilimtamani mteja huyo tangu siku niliporudi.

"Wewe ni Doha, si ndiyo? Huyu Fundi wenu hashiki simu siku ya tatu leo," akasema. "Yule kijana anampokeleanga simu ameenda reserve, kwao kijijini, sasa simu ni kuita tu. Kwani ako sawa? Manake kama amezeeka tuambieni, tukupatie hii kazi yote wewe."

Hoteli ile na wateja wengine wanne kama yeye, na nisingehitaji Kikuyu wala mtu wa kunisifu. Ningebaki Adams, na katika mwaka mmoja ukitaja Fundi ungekuwa unanitaja mimi. Nilihitaji maneno mawili tu: hasikii tena. Yalikuwa kweli, na yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Niliyaonja. Sitaki mtu aniambie kwamba sikuyaonja.

"Fundi hapendi simu," nikasema. "Mtumie ujumbe. Ama utume mtu na karatasi, aandike vile friji inafanya."

"Hiyo maringo yote ya nini?"

"Ni vile anafanyanga kazi. Umewahi ona amekosea?"

Akafikiria. "Enyewe, hapana," akasema, akakata.

Ni baada ya kuweka simu mezani ndipo nilipotambua nimemwita Fundi, bila mtu kunisahihisha. Nikaichukua tena na kumpigia yule meneja wa maua haraka, kabla wivu haujarudi, nikasema nitahamia. Kisha nikampigia mke wangu. Aliuliza swali moja tu, kama sufuria kubwa itaingia kwenye pikapu.

Kikuyu ni baridi, kama nilivyosema. Mwezi wa saba unatoka kwenye chumba cha baridi na huoni tofauti. Lakini vyumba vyangu vinane havijawahi kupoteza shehena hata moja, na wakaguzi waliokuja kutoka ng'ambo waliniuliza nilisomea nchi gani. Vijana wa mitambo wananiita Fundi, bila jina. Hakuna mwingine huko wa kuitwa hivyo. Siku ya kwanza nilipolisikia niligeuka nyuma kuangalia anayeitwa.

Jumamosi moja nilishuka mjini kununua vali. Barabara ya Kirinyaga ilikuwa kama kawaida, honi na mikokoteni. Nikamwona mbele, koti la buluu, bisibisi ikitokeza mfukoni. Sikuita. Niliongeza mwendo, nikashuka kwenye lami, nikampita mbali kidogo, kisha nikarudi nikimkabili, ili aanze kuniona kutoka mbali.

"Doha," akasema. "Kikuyu iko aje?"

"Baridi," nikasema, mdomo wazi.

"Na king'ora?"

"Imelia mara mbili. Nilifika."

Akaitikia kwa kichwa, kwa uso ule ule wa siku alipoivuta ile kamba. Akatoa bisibisi yake mfukoni, akaipima mkononi. "Hii yako siku hizi unaweka wapi?"

Nikamwonyesha meno.

Akanitazama, safari hii machoni.

"Kwani masikio yako ilipata nini?"

"Hakuna kitu. Iko sawa."

"Basi weka kwa sikio, wewe," akasema. "Utamaliza meno bure." Akanipiga begani, akaenda zake katikati ya honi ambazo hazikumhusu.

Jumatatu nilipiga magoti mbele ya kompresa ya chumba cha nne, vijana wote wakiwa wamesimama nyuma yangu, nikaweka mpini sikioni. Nilisikia kila kitu, vali, beringi, mafuta yakirudi, wazi kuliko nilivyowahi kusikia. Nikawaambia kila kitu kiko sawa, waende wakanywe chai. Walipotoka na mlango ukafungwa, nikaurudisha mpini menoni kama Fundi, nikafumba macho.